Maswali ya Wasomaji: Mwandiko Ni Wangu, Lakini Sikumbuki

Katika toleo lililopita tuliwaomba wasomaji watueleze walikuwa wapi na walikuwa wakifanya nini walipopata habari ya tukio kubwa lililoitikisa nchi yao. Barua zilizofika ni nyingi, na karibu zote zina sentensi moja inayofanana: "naikumbuka siku ile kama jana." Tumechagua barua tatu ambazo waandishi wake, kila mmoja kwa njia yake, wameanza kuitilia shaka sentensi hiyo.

Swali la kwanza

Ndugu Mhariri,

Kwa zaidi ya miaka ishirini nimekuwa nikiwasimulia watu, na sasa nawasimulia wanangu, jinsi nilivyopokea habari za kifo cha Mwalimu Nyerere. Nilikuwa nyumbani, nimekaa kwenye ngazi za mlango wa nyuma. Mama alikuwa anapepeta mchele, redio ipo dirishani, na Rais Mkapa akaanza kuzungumza kwa sauti nzito. Mama akauachia ungo, mchele ukamwagika, na kuku wakaja kuudonoa bila mtu wa kuwafukuza. Naiona picha hiyo hata sasa ninapoandika.

Mwaka jana, tulipokuwa tukipanga vitu vya marehemu mama, dada yangu alinionyesha barua niliyoiandika mwenyewe kutoka shule ya bweni Iringa, tarehe 17 Oktoba 1999, siku tatu baada ya msiba. Nimeeleza humo kwamba mwalimu wa zamu alitukusanya mstarini, akatutangazia, kisha tukarudi darasani tukakaa tu, hakuna aliyejua la kufanya. Mwandiko ni wangu kabisa. Lakini mstari huo siukumbuki hata kidogo. Dada anasema aliyekaa kwenye zile ngazi ni yeye, na ameumia. Anasema nimemnyang'anya mama yake wa siku ile. Je, nimekuwa mwongo miaka yote hii, au akili yangu ina kasoro?

Msomaji, Morogoro

Jibu

Ndugu yangu, pole kwanza kwa kuondokewa na mama, na pole kwa kulipata jambo hili zito katikati ya kupanga vitu vyake. Wewe si mwongo, na akili yako haina kasoro. Mwongo anaujua ukweli akauficha, ilhali wewe ukweli huo ulikuwa umekwisha kuondoka bila kukuaga, na nafasi yake ikachukuliwa na picha nyingine iliyokuja na machozi yake.

Wanasaikolojia wamelichunguza jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka 1899 mtafiti wa Marekani aitwaye F. W. Colegrove alichapisha majibu ya watu 179 aliowauliza walikuwa wapi walipopata habari kwamba Rais Abraham Lincoln ameuawa, tukio lililokuwa limetimiza zaidi ya miaka thelathini. Watu 127 kati yao walimweleza mahali, saa na mtu aliyewapa habari, kana kwamba walikuwa wametoka kuisikia asubuhi hiyo. Mwaka 1977 Roger Brown na James Kulik wakauliza swali kama hilo kuhusu Rais John F. Kennedy, aliyeuawa tarehe 22 Novemba 1963, na kuhusu viongozi wengine waliouawa miaka ile. Ndio walioziita kumbukumbu za namna hii kwa jina la taa ya kamera, ile flashi inayomulika chumba kizima kwa mara moja na kuacha kila kilichokuwemo kikiwa kimenaswa. Wazo lao lilikuwa kwamba habari ikiwa ya kushtua na nzito kwa mtu, ubongo hupiga chapa ya saa ile pamoja na vitu visivyo na maana yoyote, kama vile rangi ya pazia au kikombe kilichokuwa mkononi.

Katika uchunguzi huo kuna jambo ambalo mimi naliona kubwa kuliko hata jina walilolibuni. Waliulizwa Wamarekani 40 weupe na 40 weusi. Kifo cha Kennedy kilikuwa kimewachoma wote. Lakini kuhusu kifo cha Martin Luther King, tarehe 4 Aprili 1968, robo tatu ya Wamarekani weusi walikuwa na kumbukumbu ya namna hiyo, wakati kwa weupe ilikuwa kama theluthi moja tu. Tukio lilikuwa lile lile, redio na magazeti yale yale. Kilichotofautiana ni uzito wa msiba kwa aliyeupokea. Kwa hiyo usishangae kwamba kifo cha Mwalimu kimekaa kwako kwa namna ambayo kifo cha kiongozi wa nchi ya mbali hakijakaa. Ulikuwa mwana wa nchi ile, na msiba ulikuwa wako.

Kuna kosa moja katika wazo la Brown na Kulik, na ndilo linaloigusa barua yako. Wao walikuwa na masimulizi tu, hawakuwa na kitu cha kuyalinganisha nayo. Mtu akikwambia mwaka 1977 kwamba mwaka 1963 alikuwa jikoni, utajuaje kama kweli alikuwa jikoni?

Aliyelitilia mkazo swali hilo ni mwanasaikolojia Ulric Neisser. Kwa miaka mingi alikumbuka kwamba Wajapani waliposhambulia Pearl Harbor, kambi ya majini ya Marekani huko Hawaii, tarehe 7 Desemba 1941, yeye akiwa kijana mdogo alikuwa sebuleni akisikiliza mechi ya besiboli redioni, ndipo mtangazaji akaikatiza kwa habari hiyo. Siku moja, akiwa mtu mzima na profesa, akatambua kwamba Desemba si msimu wa besiboli, kwa hiyo hapakuwa na mechi ya kukatizwa. Picha aliyoishi nayo maisha yake yote, yenye sebule, redio na sauti ya mtangazaji, haikuweza kuwa ilivyokuwa.

Tarehe 28 Januari 1986 chombo cha anga za juu cha Marekani, Challenger, kilipasuka sekunde 73 baada ya kurushwa, na watu saba waliokuwa ndani, mmoja wao mwalimu wa shule aitwaye Christa McAuliffe, wakafa mbele ya macho ya watazamaji wa televisheni. Asubuhi iliyofuata, katika Chuo Kikuu cha Emory kilichopo Atlanta, wanafunzi 106 waliombwa waandike kwa mkono wao wenyewe: uliipataje habari, ulikuwa wapi, ulikuwa na nani, ulikuwa ukifanya nini. Karatasi zikafungiwa. Baada ya kama miaka miwili na nusu, Neisser na mwenzake Nicole Harsch wakawatafuta 44 kati yao na kuwauliza maswali yale yale. Ni watatu tu waliojibu kila kitu kama walivyoandika mwanzo. Kumi na mmoja, yaani robo nzima, hawakupata hata jambo moja la msingi. Mwanafunzi mmoja alikuwa ameandika kwamba alikuwa darasani katika somo la dini, watu wakaingia wakaanza kulizungumzia. Alipoulizwa tena alisema alikuwa chumbani bwenini na mwenzake, wanatazama televisheni, habari ikakatiza kipindi. Na alikuwa na hakika. Wote kwa jumla walikuwa na hakika: walipoombwa wajipe alama za uhakika hadi 5, wastani wao ulizidi 4.

Kisha wakaonyeshwa karatasi zao. Nilipoisoma barua yako nilifika hapa nikasimama, maana hao vijana walifanya kama ulivyofanya wewe. Walikubali kwamba mwandiko ni wao, wakashangaa, na baadhi wakashikilia kwamba ilivyo sasa kichwani ndivyo ilivyokuwa. Karatasi haikuwarudishia kumbukumbu ya kwanza. Mtu hudhani kwamba kumbukumbu iliyofunikwa ipo chini, ikisubiri kufunuliwa, kama sarafu iliyoangukia mchangani. Kwa wengi wao haikuwepo tena. Kwa hiyo usijitese kuutafuta ule mstari wa Iringa kwa kufumba macho. Unachoweza kuunda kwa kufumba macho ni mstari mpya, na huo nao utauamini.

Utauliza: hisia kali zina kazi gani basi, kama hazilindi ukweli? Jibu zuri kuliko yote lilitoka kwa Jennifer Talarico na David Rubin wa Chuo Kikuu cha Duke. Tarehe 12 Septemba 2001, siku moja baada ya mashambulizi ya New York na Washington, waliwaandikisha wanafunzi 54 jinsi walivyopata habari hiyo, na wakawaandikisha pia jambo la kawaida la siku chache kabla, kama sherehe au mchezo. Wakawauliza tena, wengine baada ya wiki moja, wengine wiki 6, wengine wiki 32. Kumbukumbu zote mbili zilichakaa kwa kasi ile ile. Tofauti ilikuwa kwenye imani. Lile jambo la kawaida lilipofifia, mwenyewe alijua linafifia. Habari ya Septemba 11 ilipobadilika, mwenyewe aliendelea kuiona wazi na kuiapia. Kwa maneno mengine, uhakika nao ni hisia. Huzaliwa na mshtuko, na hukua pamoja na huzuni, bila kuuliza kama maelezo yenyewe bado ni yale ya mwanzo.

Sasa turudi kwenye ungo wa mama. Katika maelezo yako sioni kitu cha kubuni. Mama alikuwepo, redio ilikuwepo, mchele ulimwagika. Dada yako ni shahidi. Ninachokiona ni kijana wa bweni aliyerudi likizo mwezi Desemba, akakuta nyumbani kuna simulizi. Mama ameisimulia jioni, dada ameongeza la kuku, majirani wamecheka na kulia. Wewe unazijua zile ngazi, unaujua mkono wa mama kwenye ungo, unajua kuku walikuwa wanasimama wapi. Picha yote ulikuwa nayo tayari, ikabaki tu kujikalisha ndani yake. Halafu kila tarehe 14 Oktoba inapofika, sauti ya Mkapa ikitangaza kifo hicho hurushwa tena, na kila ukiisikia inaingia dirisha lile lile. Ule mstari wa shule haukuwa na sauti ya rais wala mama. Ulikuwa na mwalimu wa zamu na jua la Iringa, na hakuna aliyewahi kuuliza habari zake. Kumbukumbu isiyosimuliwa hufa njaa.

Hata suala la nani alikaa kwenye ngazi halijawapata ninyi peke yenu. Mwaka 2001 watafiti Mercedes Sheen, Simon Kemp na David Rubin walichapisha uchunguzi wao wa mapacha waliokuwa wakigombea kumbukumbu, kila mmoja akisema "ni mimi niliyeanguka" au "ni mimi niliyetumwa," na wote wawili wakiiona picha kwa macho yao. Ndugu wa kawaida pia waliyapata hayo. Mnapokua nyumba moja, kumbukumbu huazimana kama nguo.

Nimesema haya kwa kirefu kwa sababu naona ugomvi wa namna hii ukivunja familia. Nimekaa kwenye vikao vya mirathi ambavyo watu watatu waliapa, kila mmoja kwa machozi ya kweli, kwamba walikuwepo baba alipotamka shamba ni la nani, na maneno waliyoyataja hayakufanana. Wenzao waliwaita waongo. Naamini wengi wao hawakuwa waongo hata kidogo, na kama jambo hilo lingejulikana mapema, zipo salamu ambazo zisingekatika.

Kwa dada yako, ningekuomba umrudishie ngazi zake. Mwambie wazi kwamba unaamini ni yeye, na siku utakayowasimulia tena watoto, muache yeye asimulie huku wewe ukisikiliza. Kisha uwasomee barua ya Iringa kama ilivyo. Kuna sentensi moja humo ambayo umeinukuu kwa kupita: mlikaa darasani tu, hakuna aliyejua la kufanya. Watafiti wakiongozwa na William Hirst waliowafuatilia Wamarekani zaidi ya 3,000 kwa miaka kumi baada ya Septemba 11 waliona kwamba watu husahau namna walivyojisikia mapema kuliko wanavyosahau walikuwa wapi. Hujisomea huzuni ya leo ndani ya siku ya kwanza. Wewe unao ushahidi wa namna vijana wa kidato walivyoupokea msiba ule kabla hawajafundishwa namna ya kuueleza. Hao kuku hawatakupa jambo hilo.

Swali la pili

Mpendwa Mhariri,

Tarehe 7 Agosti 1998 nilikuwa kazini katika jengo lililo karibu na ubalozi wa Marekani jijini Nairobi, siku uliposhambuliwa kwa bomu. Tulisikia mlio wa kwanza, wenzangu wakaenda dirishani kuangalia. Mimi niliinama kuokota kifuniko cha chupa ya chai kilichokuwa kimeniangukia. Baada ya hapo nakumbuka kifuniko hicho: chekundu, kina ufa pembeni, kimelala karibu na mguu wa meza. Najua kwamba kuna mtu alinishika mkono akaniteremsha ngazi gizani, lakini sura yake siijui, sauti yake siijui, hata kama alikuwa mwanamume au mwanamke siwezi kusema. Binamu yangu aliyekuwa Kisumu akitazama televisheni huisimulia siku ile yote kwa mpangilio, mpaka watu hudhani ni yeye aliyekuwa pale. Inakuwaje nikumbuke kifuniko na kumsahau mtu aliyeniokoa? Naona aibu.

Mama wa watatu, Nairobi

Jibu

Dada yangu, iondoe hiyo aibu. Kilichoinamisha kichwa chako chini ya dirisha ni hicho kifuniko, na mwili wako unalijua hilo. Waliosikia mlio ule wa kwanza wakaenda dirishani ni wengi, na vioo vya madirisha ndivyo vilivyowapofusha na kuwakata wengi wao ulipokuja mlipuko mkubwa. Watu 213 walipoteza maisha Nairobi asubuhi ile ya Ijumaa, na wengine 11 katika shambulio la Dar es Salaam dakika chache zilizokaribiana nayo, na maelfu walijeruhiwa. Ubongo wako haukuchagua kitu cha kipuuzi.

Mtu anapotishika, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini katika damu, moyo huenda mbio, na ndani ya ubongo kiungo kidogo chenye umbo la lozi, kiitwacho amigdala, huamka. Jirani yake ni hipokampasi, sehemu inayoyafunga matukio kuwa kumbukumbu. Amigdala ikiamka humhimiza jirani huyo aishike saa hiyo kwa nguvu zaidi. Mwaka 1994 Larry Cahill, James McGaugh na wenzao walilithibitisha hilo kwa njia rahisi: waliwaonyesha watu picha zenye hadithi ya mtoto aliyegongwa na gari na kukimbizwa hospitali, baada ya kuwapa baadhi yao propranololi, dawa inayozuia kazi ya adrenalini, na wengine kidonge kisicho na dawa. Waliomeza kidonge kitupu waliikumbuka sana ile sehemu ya ajali. Waliomeza dawa hawakuikumbuka zaidi ya sehemu nyingine za hadithi.

Lakini mshiko huo una bei yake. Hofu hukusanya macho na masikio mahali pamoja na kuviacha vilivyo pembeni gizani. Mtu aliyeelekezewa bunduki huweza kueleza mdomo wa bunduki na akashindwa kabisa kueleza uso wa aliyeishika. Polisi na mahakama wanayajua hayo. Wewe ulipoinama, ulimwengu wako wote ulikuwa kile kifuniko, na ndipo ulipofika mlipuko. Baadaye kwenye ngazi kulikuwa na giza, vumbi, masikio yanavuma, na kazi moja tu, yaani kushuka. Sura haikupotea kichwani mwako. Inawezekana kabisa kwamba haikuwahi kuingia.

Kuhusu binamu, usishindane naye. Baada ya tetemeko la ardhi la Kalifornia la tarehe 17 Oktoba 1989, Neisser, yule niliyemtaja juu, na wenzake waliwaandikisha watu waliotikiswa nalo na watu wa Atlanta waliolisikia kwenye habari tu. Baada ya mwaka na nusu, waliotikiswa walikumbuka yaliyowapata karibu bila kukosea, na wale wa mbali walikuwa wamekwisha kuchanganya. Mwaka 2007 Tali Sharot na wenzake walichapisha uchunguzi wa watu waliokuwa Manhattan, jijini New York, tarehe 11 Septemba 2001, na picha za ubongo zilionyesha kwamba amigdala ya wale waliokuwa karibu na majengo yaliyoshambuliwa iliwaka zaidi walipoikumbuka siku ile kuliko ya wale waliokuwa mbali zaidi nayo. Simulizi ya binamu yako ina mpangilio kwa sababu aliyeipanga ni kituo cha televisheni, kilichokusanya picha za siku nzima na kuzipa mwanzo na mwisho. Yako ina mashimo kwa sababu ulikuwa ndani yake.

Nina ombi moja kwako. Usiwaruhusu watu wakubunie huyo mtu wa ngazi. Wakianza kukuuliza, "Hakuwa yule mzee wa lifti? Hakuwa na shati la buluu?", baada ya muda utaanza kuliona shati, na hutajua tena kama ni lako au ni lao. Ukitaka kumtafuta, nenda kwa walionusurika katika jengo lenu, uwaombe wao wasimulie kwanza kabla hujawasimulia wewe. Bustani ya kumbukumbu iliyojengwa pale ubalozi ulipokuwa huwakutanisha wengi kila tarehe 7 Agosti. Na kama kifuniko hicho hukujia usiku pamoja na jasho na moyo kwenda mbio, au unazikwepa ngazi na madirisha mpaka leo, hilo si suala la safu hii: mwone mshauri nasaha au daktari wa afya ya akili, maana tatizo hilo lina tiba, hata baada ya miaka mingi.

Swali la tatu

Asalaam alaykum,

Mimi ni mwalimu wa historia Unguja. Nimewapa wanafunzi kazi ya kuwahoji wazee kuhusu siku aliyouawa Mzee Karume. Mzee mmoja amesema aliiona habari hiyo kwenye TVZ, televisheni ya Zanzibar, usiku ule ule, na wanafunzi wameiandika kama ilivyo. Niifute?

Mwalimu, Mjini Magharibi

Jibu

Waalaykum salaam, Mwalimu. Usiifute. Mzee Abeid Amani Karume alipigwa risasi jioni ya Ijumaa, tarehe 7 Aprili 1972, Kisiwandui, kwenye makao makuu ya chama cha Afro-Shirazi, na TVZ ilianza kurusha matangazo baada ya kifo chake. Mzee huyo hakuiona siku hiyo. Yumkini aliona picha za msiba huo miaka iliyofuata, katika maadhimisho ya Aprili 7, na macho yakaitangulia tarehe. Uholanzi nako, ndege ya mizigo ya El Al ilipoangukia maghorofa ya Amsterdam tarehe 4 Oktoba 1992, Hans Crombag na wenzake waliwauliza watu miezi kadhaa baadaye kama walitazama filamu ya ndege hiyo ikigonga jengo. Zaidi ya nusu walisema waliitazama, na baadhi wakaeleza hata pembe ambayo ndege iliingia nayo, ilhali hakuna filamu kama hiyo iliyowahi kupigwa. Ona pia kwamba swali lenyewe ndilo lililowaingiza. Waliulizwa kama vile filamu ipo.

Wafundishe wanafunzi wako waulize maswali yasiyobeba jibu. "Ulizipataje habari?" ni swali zuri, "Ulisikia kwenye redio?" tayari limeshaiweka redio chumbani. Wazee wa baraza moja wahojiwe mmoja mmoja, kila mtu nyumbani kwake, kabla hawajakaa pamoja, kwa kuwa wakishakaa pamoja mwenye sauti kubwa ndiye atakayewakumbukia wote. Waulize vitu vinavyoweza kupimwa: alikuwa akiishi mtaa gani, alikuwa darasa la ngapi au kazi gani, nani mwingine alikuwepo na kama yu hai. Kama nyumbani kuna barua, daftari la duka au kitabu cha madrasa cha mwezi ule, wakiombe kwa adabu wakitazame.

Maneno ya mzee yabaki kama alivyoyasema, na pembeni mwanafunzi aandike mwaka TVZ ilipoanza. Mzee asirudiwe kuonyeshwa kosa mbele za watu. Arudiwe kwa swali jingine: siku ile kabla hajaiona televisheni yoyote, nani alibisha hodi kwao?